Zilizopendwa na Nani

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba huko Brooklyn Park, kaskazini kidogo ya Minneapolis, kwenye ukumbi tuliokodi kumpongeza kijana wa mwenzetu aliyehitimu uuguzi. Hotuba zilikuwa zimekwisha, pilau imeliwa, makoti ya baridi yamerundikana juu ya viti vya nyuma kama kondoo waliolala. Kijana aliyekuwa akisimamia muziki akachukua kipaza sauti akatangaza kwamba sasa ni zamu ya wazee: zilizopendwa. Gitaa likaanza, na watu wazima waliokuwa wakilalamikia magoti dakika tano nyuma wakainuka. Binti yangu, aliyezaliwa huku na ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza mezani, akaniinamia akaniuliza, "Baba, zilipendwa na nani?"

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili miaka sita kabla ya kuja Marekani. Niliwafundisha watoto wa watu kauli ya kutendwa, nikawaambia kwamba kauli hiyo inampa msemaji ruhusa ya kumficha mtenda: mwizi alikamatwa, sahani ilivunjwa, basi, asiulizwe mtu. Lakini neno hili lililo mdomoni mwetu kila siku sikuwahi kulitazama. Sisi Wakenya tunasema zilizopendwa, Watanzania wanasema zilipendwa, na sote tunaliacha hapo, kana kwamba nyimbo zile zilijipendea zenyewe. Nikamjibu mtoto, "Na watu wa zamani." Lilikuwa jibu la kivivu, na swali likanifuata mpaka nyumbani.

Nimekuwa nikilijibu tangu usiku ule, wimbo mmoja mmoja, kitabu kimoja kimoja. Na kila nikikichunguza kitu ninachokipenda namkuta mtu amekaa nyuma yake.

Wimbo uliokuwa ukichezwa ulikuwa "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Huo mtu wake namjua vizuri. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa fundi redio Mwembe Tayari, Mombasa, karibu na yanakoondokea mabasi ya bara. Kibanda chake hakikuzidi upana wa mlango mmoja na nusu. Kilinuka lehemu, vumbi lililoungua ndani ya redio kuukuu, na kahawa ya kikombe kimoja iliyokaa tangu asubuhi. Nikitoka shule nilipitia pale kumsubiri afunge, na kazi yangu ilikuwa kurudisha kanda nyuma kwa penseli ili betri zisiliwe bure.

Kila spika aliyoitengeneza ilikuwa na mtihani wake wa mwisho. Aliilaza chali juu ya meza, karatasi yake ikitazama bati la paa. Akafungua kopo la Kimbo lililokuwa na mchele aliopewa na mama, akachota punje kumi, kumi na mbili, akazinyunyiza juu ya karatasi ile, halafu akaweka "Sina Makosa". Sauti za waimbaji haziutikisi mchele. Magitaa ya juu hayautikisi. Besi ndiyo inayouamsha. Punje zinainuka, zinatembea, zinazunguka katikati ya karatasi kama watu kwenye duara la ngoma. Zikikimbilia upande mmoja, gundi haijashika au karatasi ina ufa, kazi irudiwe. Zikicheza katikati, mwenye redio aitwe aje aichukue.

"Watu wote husikiliza maneno," mjomba aliniambia. "Weye sikiliza chini."

Nilikuwa na miaka minane au tisa. Sikujua kwamba Les Wanyika ilizaliwa Nairobi mwishoni mwa 1978, baada ya wanamuziki kadhaa kujitenga na Simba Wanyika. Sikujua kwamba wimbo ule ulitungwa na Omar Shabani, wala kwamba vidole vilivyokuwa vikiutembeza mchele wa mama vilikuwa vya Tom Malanga. Niliyajua hayo ukubwani, nikajua na jingine lililonigusa zaidi: Simba Wanyika yenyewe ilianzishwa na ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, waliopitia Arusha kabla ya kuingia Nairobi mwaka 1971. Muziki ambao Wakenya wa Minnesota wanauinukia wakaona wamerudi kwao uliletwa Kenya na watu waliokuwa mbali na kwao.

Lile neno la mjomba limekaa sikioni mwangu kuliko mafunzo yote niliyopata darasani. Sijui kusikiliza kwa njia nyingine. Nikiingia mahali pana muziki, sikio linashuka lenyewe kutafuta sakafu. Hata mtu akizungumza, hasa mgonjwa, nasikiliza maneno yake nusu, na nusu nyingine nasikiliza kilicho chini yake.

Nilifika Minneapolis mwaka 2003, mwezi Januari, mwezi ambao hakuna mtu angepaswa kufika. Nilipata kazi ya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, kugeuza, kuosha, kulisha, kubadilisha shuka, kazi ambayo imewalea Wakenya wengi wa hapa na watoto wao na ndugu zao walioko nyumbani. Sikuwa na gari. Mama mmoja niliyefanya naye kazi, Mmarekani mweusi aliyezaliwa na kukulia Minneapolis ya kaskazini, aliniona nikisubiri basi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, na viatu vya Mombasa. Akafungua mlango. Alinirudisha nyumbani kila asubuhi kwa miezi mitatu, na hakuchukua hata senti ya petroli.

Gari lake lilichukua dakika kumi kupata joto. Katika dakika hizo alikwangua barafu kwenye kioo upande wake, mimi wangu, halafu tuliingia na yeye akaweka nyimbo za Prince, mwanamuziki wa mji huu. Hakuwahi kuweka mtu mwingine. Asubuhi ya nne au ya tano ulikuja wimbo nisioujua, "When Doves Cry", na sikio langu likafanya kama linavyofanya siku zote: likashuka. Likashuka, halikukuta kitu. Ngoma ilikuwepo, kinanda kilikuwepo, sauti ya mtu mwenye dhiki ilikuwepo, lakini chini palikuwa wazi, kama ngazi iliyokosa kipandio gizani. Niliweka kiganja juu ya spika ya mlangoni. Nilikiweka tu, kama mjomba.

Yule mama akaniona. Akaniambia kwamba spika ni nzima. Prince aliurekodi wimbo ule ukiwa na besi, na mwishoni akaitoa. Akautoa hivyo, mwaka 1984, wimbo wa kucheza usio na besi, na ukawa wimbo uliouzwa kuliko wote Marekani mwaka ule. "Unasikia alichokitoa," akasema, "kuliko ambavyo ungekisikia angekiacha."

Sikumjibu. Nilikuwa na siku arobaini tangu kuagana na watu wangu, na nilijua anazungumza kuhusu nini hata kama yeye hakujua.

Kwa hiyo wimbo ule nao una mtu wake. Nimeusoma sana mji huu kupitia kwake. Nilipopata gari nilikwenda mwenyewe kuliona jumba la First Avenue, katikati ya Minneapolis, ambako Prince alirekodi "Purple Rain" mbele ya watu tarehe 3 Agosti 1983, na ambako filamu yenye jina hilo ilipigwa. Ni jengo jeusi lenye nyota za rangi ya fedha ukutani, kila moja na jina la mtu aliyewahi kupanda jukwaani pale. Nilichokipenda zaidi ni kwamba lilijengwa kuwa stendi ya mabasi. Lilifunguliwa mwaka 1937, mabasi ya Greyhound yakaingia na kutoka pale kwa miaka zaidi ya thelathini kabla halijawa ukumbi wa muziki. Wanaolisimulia husema jambo hilo kwa haraka, kama ajabu ndogo. Mimi, niliyejifunza kusikiliza Mwembe Tayari katikati ya makondakta wakiita Voi na Nairobi, sikuona ajabu yoyote. Muziki mwingi wa dunia ulianzia mahali watu wanapobeba mizigo.

Tarehe 21 Aprili 2016, Prince alipokutwa amekufa nyumbani kwake Paisley Park, Chanhassen, yule mama alinipigia simu. Alikuwa amekwisha kustaafu. Tukaenda pamoja, yeye na skafu ya zambarau, mpaka pale nje ya First Avenue, na barabara ilikuwa imejaa maelfu ya watu, wazungu, weusi, Wasomali wachache vijana, watoto juu ya mabega. Walicheza, walilia, waliimba. Ulipochezwa "When Doves Cry" nilijikuta naujazia besi kooni, taratibu, ile ya Malanga, kwa sababu ndiyo niliyonayo. Yule mama alikuwa amenishika mkono. Nyota ya Prince ukutani ilipakwa dhahabu baadaye.

Mji huu una majina makubwa mengine. Bob Dylan alianza kuimba kwenye mikahawa ya Dinkytown, karibu na Chuo Kikuu cha Minnesota, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Scott Fitzgerald alizaliwa mji jirani wa Saint Paul, na nyumba alikomalizia riwaya yake ya kwanza iko Summit Avenue mpaka leo. Nimepita mbele yake, nikatazama ngazi zake za mawe, nikaendelea na safari. Nimewasoma na kuwasikiliza wote wawili, naheshimu kazi yao. Sikuwa na mtu wa kunishika mkono kuniingiza.

Filamu ninayoipenda kuliko zote niliipenda miaka ishirini na mitano kabla sijaiona.

Mombasa ya ujana wa mama ilikuwa na majumba ya sinema ya Regal, Naaz, Majestic na mengine, na filamu za Kihindi zilijaza viti. Katika moja ya majumba hayo aliiona "Mother India" ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, akiwa bado msichana. Sisi tulipokuja duniani hakuwa na fedha wala nafasi ya kwenda sinema, kwa hiyo sinema ilikuja uani. Baada ya isha alikaa mkekani, ungo wa mchele mapajani, akichagua mawe kwa ajili ya kesho, akatusimulia. Hakuwa na haraka. Radha, bibi harusi mgeni kijijini. Sukhilala mkopeshaji na daftari lake la madeni. Mume aliyesagwa mikono na jabali, akaondoka usiku asionekane tena. Mafuriko. Radha anajifunga nira mwenyewe akalima mahali pa ng'ombe, watoto wakimtazama. Palipokuwa na wimbo mama aliimba, kwa Kihindi ambacho hakujua maana ya neno lake hata moja, na vidole havikuacha kuchagua.

Tuliisikia mara nyingi sana, na mwisho wake tulikuwa tukiungoja huku tumeshikana. Birju, mtoto mtundu aliyependwa kuliko mwenzake, amekuwa jambazi. Amemteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake, yuko juu ya farasi, anakimbia. Radha amesimama na bunduki. Hapa mama alinyamaza. Ungo ulitulia. Tulisikia paka wa jirani juu ya mabati. Halafu akaendelea: mikono ikamtetemeka mama wa watu, bunduki ikashuka. Akamwambia, Birju, mwache mwana wa watu. Ondoka, usirudi hapa tena, lakini uniandikie. Birju akamshusha yule msichana, akaenda zake, na kila mwezi barua ilikuja.

Mwaka 2009 niliiona "Mother India" kwenye rafu ya maktaba kuu ya Hennepin, lile jengo la vioo la Nicollet Mall. Niliishika kama mtu aliyekutana na jina la mama yake kwenye gazeti la ugenini. Nikaichukua, nikaenda nayo nyumbani, nikaiweka siku yangu ya mapumziko, mke wangu na mimi, chai ya tangawizi, theluji dirishani. Filamu ni ya karibu saa tatu. Nilitabiri kila kitu. Nira ilikuja, mafuriko yalikuja, nyimbo zilikuja na nikaziimba. Akaja Birju juu ya farasi, na Radha na bunduki.

Akafyatua.

Nilirudisha nyuma nikaangalia tena. Mama anampiga risasi mwanawe, anakwenda kumkumbatia akifa. Ndivyo filamu ilivyo, ndivyo ilivyokuwa tangu 1957, kila aliyeiona anajua. Mke wangu akaniuliza kwa nini nimesimama.

Mama alikuwa amefariki miaka minne kabla. Hakuwepo wa kumwuliza. Nilikaa nikahesabu. Alianza kutusimulia filamu ile mwaka 1984, nilikuwa na miaka kumi. Mwaka huohuo kaka yangu mkubwa, mwenye miaka kumi na tisa, baada ya ugomvi uliofika mpaka kwa wazee wa mtaa, alipanda meli Kilindini akaenda Ghuba. Hakuaga. Barua yake ya kwanza ilichukua mwaka mmoja na nusu kufika. Katika muda huo wote, mara mbili tatu kwa wiki, mama alikaa uani na ungo wake akaishusha ile bunduki.

Nimeiangalia tena mara tatu. Ni filamu kubwa, na Nargis, anayeigiza Radha, katika dakika zile za mwisho anafanya kitu ambacho sijaona mwigizaji mwingine akikifanya. Lakini nikiulizwa filamu ninayoipenda, ninayoijibu ni ile ya uani, ambayo haiko katika maktaba yoyote. Na alama iliyoniachia haijafutika: siwezi kuangalia filamu yoyote, ya polisi, ya vita, ya mapenzi, bila kutafuta ni wapi ambapo mtu angeweza kuishusha mikono. Karibu kila filamu ina mahali hapo. Wengi wanapita bila kupaona.

Huku mtu akitaka kukujua hukuuliza unapenda nini, na wewe unatakiwa kumpangia orodha. Siku hizi hata simu inauliza. Programu ya muziki inajua kwamba nasikiliza Les Wanyika, ikanipangia Samba Mapangala na Orchestra Virunga, ikapatia kabisa, wala siwezi kuilaumu. Inajua wimbo unaofuata wimbo. Kopo la Kimbo hailijui.

Vitabu navyo vina watu wao. "Siku Njema" ya Ken Walibora ilitoka mwaka 1996, mwaka mmoja kabla sijaanza kufundisha, na ilipokuja kuwa kitabu cha kutahiniwa nilikuwa na darasa la wanafunzi arobaini na sita, Kilifi, na nakala tisa. Kwa hiyo tulisoma kwa sauti. Kulikuwa na msichana mmoja mwenye sauti nzito ya asubuhi, aliyesoma bila kuinua kichwa, na darasa lote lilinyamaza akianza. Alitusomea Kongowea Mswahili akizaliwa Tanga na mama mwimbaji wa taarab, akampoteza mama, akaenda Kenya kumtafuta baba mpaka Kitale. Nimekisoma kitabu kile peke yangu mara nyingi tangu hapo, na Kongowea, mwanamume, kwangu ana sauti ya msichana wa Kilifi. Sijui yuko wapi leo. Kila nikifungua ukurasa wa kwanza anaanza kusoma.

Walibora mwenyewe alifundisha kwa miaka kadhaa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Kutoka kwangu mpaka Madison ni mwendo wa saa nne kwa gari. Nilijua yuko pale. Nilipanga kwenda, nimpelekee nakala yangu ya darasani iliyoshonwa kwa uzi mweusi mgongoni, nimweleze habari za sauti ile. Kulikuwa na zamu, kulikuwa na theluji, kulikuwa na mtoto mchanga, na mwaka ukafuata mwaka, naye akarudi Kenya. Aprili 2020 aligongwa na gari Nairobi akafa. Nilipata habari kwenye simu, nimesimama nje ya mlango wa nyuma wa nyumba ya wazee, na barakoa mbili usoni, katika majuma ambayo tulikuwa tukipoteza wazee wetu wenyewe na hakuna aliyeruhusiwa kuja kuwaaga. Nilirudi ndani. Nakala ninayo.

Kitabu kingine kilinifuata mpaka hapa chenyewe. Mwaka 2011, katika duka la vitabu Minneapolis, nilikuta kumbukumbu za Binyavanga Wainaina, "One Day I Will Write About This Place". Nilikigeuza kutazama ukurasa wa mchapishaji, tabia ya mwalimu, nikasoma Graywolf Press, Minneapolis. Utoto wa Nakuru ulikuwa umetoka kwenye ofisi ambayo ningeweza kuifikia kwa basi moja. Niliketi palepale sakafuni, kati ya rafu, nikakianza.

Wainaina anasimulia sauti zilizomtatiza utotoni: magitaa ya benga, nyimbo, vilio, lugha za watu wazima ambazo hakuzielewa. Zilimtia hofu na hamu kwa pamoja, akaziundia neno lake la kitoto, kimay. Nililisoma neno hilo nikakifunga kitabu kidole kikiwa ndani. Mimi nilikuwa nimeyasikia magitaa jamaa ya yale, miaka ileile, kwenye mji mwingine wa nchi ileile, wala hayakunitisha hata siku moja. Nilijiuliza kwa nini, na jibu lilikuwa rahisi. Yeye yalimjia kwenye redio, kutoka mahali asipopajua. Mimi yalinijia kupitia mkono wa mtu aliyekuwa akiyawekea mchele.

Wiki moja baada ya ile sherehe ya Brooklyn Park nilikwenda Karmel, yale maduka makubwa ya Wasomali kusini mwa Minneapolis, kumnunulia mke wangu kitambaa. Muuzaji alinisikia nikizungumza kwenye simu, akaingilia kwa Kiswahili cha Eastleigh, chenye haraka, kisicho na ngeli. Alikulia kule baada ya wazazi wake kukimbia vita. Tukaulizana mitaa, tukaulizana matatu. Nikamwuliza anapenda muziki gani. Akafikiri, akasema muziki wowote uliokuwa ukipigwa kwenye matatu ya namba tisa wakati dereva alipomruhusu kupanda bure. Alikuwa na kipande chake cha "na".

Nikamweleza binti yangu haya yote, kidogo kidogo, kwa Kiswahili na Kiingereza. Nilimwonesha na mchele. Tulilaza spika ndogo chali juu ya meza ya jikoni, tukanyunyiza punje, tukaweka "Sina Makosa", nazo zikaamka zikazunguka. Akacheka kama nilivyocheka mimi. Maneno ya wimbo hayaelewi vizuri, lakini siku mbili baadaye nilimsikia bafuni akiiimba besi, bila neno hata moja, noti kwa noti. Halafu akataka tujaribu "When Doves Cry", na mchele ukaruka kwa ngoma, ukatua, ukaruka, ukatua, palepale ulipokuwa.

Usiku huo nilimtumia mjomba wimbo ule kwenye simu. Ana miaka themanini na mbili, kibanda alikiacha zamani, lakini watoto wa mtaani bado wanampelekea redio. Sikumweleza kitu. Nilisema tu shikamoo mjomba, sikiliza huu, ni wa bwana mmoja wa mji huu, amekwisha kufa. Asubuhi, nikitoka zamu, nilikuta ujumbe wake wa sauti.

"Marahaba, baba. Nimeusikia. Hiyo spika yenu imekufa besi. Tafuta fundi."

Nikacheka peke yangu ndani ya gari, kioo kikiwa bado kimeganda. Kabla sijaliwasha ukaingia ujumbe wa pili. Nyuma yake nilisikia muadhini wa mbali, na kijiko ndani ya kikombe.

"Nimeuweka tena kwa spika yangu. Nimeweka na mchele. Unaruka, hautembei." Akanyamaza kidogo, kama mama alivyokuwa akinyamaza. "Sasa huyo bwana, besi yake alimwachia nani?"